L NI NANI?

Ninashika kalamu kueleza jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo, lakini lilinikosanisha na rafiki yangu wa deski moja kwa wiki nzima. Ni hii tabia yetu ya kufupisha majina ya wahusika wa vitabu teule mpaka ibaki herufi moja tu.

Si mnajua hali yetu sisi wa shule ya kutwa! Nakala moja ya "Nguu za Jadi" ya Clara Momanyi huzungukia watu wanne au watano. Ukiipata leo, kesho asubuhi inangojewa na mwingine. Basi mtu huandika mbiombio usiku, na jina kama Mangwasha ukiliandika mara thelathini, mkono unakufa ganzi. Ndipo Mangwasha anakuwa M, Lesulia anakuwa L, nawe unajiona mjanja.

Muhula uliopita rafiki yangu huyo alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akakaa siku tisa. Aliporejea nikampa daftari langu anakili. Nilikuwa nimeandika: "L anapendelea watu wake na kuwatesa Waketwa." Mistari michache chini yake: "L anapinga dhuluma, watu wana imani naye." Mimi nilijua kwamba L wa kwanza ni Mtemi Lesulia, mtawala wa Matuo, na wa pili ni Lonare, mpinzani wake. Yeye kitabu hakuwa nacho. Alimwona L mmoja tu mwenye tabia mbili, akafikiri ati ni mtawala aliyetubu! Katika mtihani akaandika insha yenye lugha tamu juu ya Lesulia aliyegeuka kuwa mtetezi wa wanyonge. Swali lilikuwa la alama 20. Alipata 3. Karatasi ziliporudishwa aliniangalia tu bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichunguza orodha za wahusika, na jamani, mitego imejaa. Chukua "Bembea ya Maisha", tamthilia ya Timothy Arege. S ni Sara, mama mgonjwa, au Salome, binti yake? B ni Bunju, mume wa Neema, au Beni, rafiki wa Yona? L ni Lemi au Luka? Kikundi chetu kiliwahi kubishana saa nzima ya chakula cha mchana, huyu akisema B ana mke mjini, yule akiapa kwamba B ni wa kijijini. Wote walikuwa sawa. Githeri ndiyo iliyopoa.

Hasara yenyewe iko kwenye dondoo. Katika KCSE, karatasi ya tatu ya Kiswahili, yaani 102/3, ni ya Fasihi na ina alama 80. Swali la dondoo kwa kawaida huanza kwa kutaka muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini. Hizo ni alama 4. Sasa kama daftari lako linasema "S anamwambia N", utajuaje ni mama anayemwambia bintiye au ni dada anayemwambia dadake?

Wengine hudhani dawa ni kuongeza herufi. Mara nyingi inasaidia: Les. na Lon., Sar. na Sal., Bun. na Ben. hawagongani. Lakini nenda kwa "Chozi la Heri" ya Assumpta Matei, riwaya iliyotahiniwa mpaka mwaka wa 2022. Mle mna Mwangeka, Mwangemi na Mwaliko. Ukiandika "Mwa." umepotea, na hata ukiandika "Mwange." bado hujulikani unamtaja yupi!

Hapa Navakholo tungepaswa kuwa wa kwanza kulifahamu jambo hili. Darasani mwetu wavulana ni Wafula, Wekesa, Wanjala, Wanyonyi. Wasichana ni Nafula, Nekesa, Nanjala, Nasimiyu. Hebu andika ubaoni "W hakufagia" uone nusu ya darasa ikikana. Mwanzo wa jina unatuambia tu kama ni mvulana au msichana. Mvua ya Wafula, mavuno ya Wekesa na njaa ya Wanjala zote ziko nyuma. Sisi tunakata mkia na kubakiza kichwa, kumbe kwa majina mengi ya kwetu mtu anatambulika kwa mkia. Ndiyo maana siku hizi naandika "-geka" na "-gemi", wala sijawahi kuwachanganya tena.

Kuhusu M, tafadhali iacheni kabisa. Katika fasihi M ni mhusika, mwandishi, msemaji, msemewa, maudhui, mandhari na muktadha. Niliona daftari moja limeandikwa "M ya M kwa M". Mwenyewe alishindwa kulisoma.

Kuna ufupisho mmoja ambao siupingi: Umulkheri wa "Chozi la Heri" huitwa Umu humo humo kitabuni, kwa hivyo ni jina lake. Lakini Majoka wa "Kigogo" ya Pauline Kea, ukimwita M umemnyang'anya yale majoka yaliyo katika jina lake, na swali la majazi litakukuta mikono mitupu. Na ndani ya chumba cha mtihani, andika jina lote. Mtahini hajaliona daftari lako.

Rafiki yangu tumepatana. Daftari bado analo yeye. Anapitia kila L kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake Lesulia au Lonare, na pale anaposhindwa kujua ananiita. Juzi aliniita mara mbili, na mara moja mimi pia sikujua.