Paka mdogo akiingia nyumbani

Wengi wetu huchukua paka kwa sababu ya panya wanaotoboa magunia ya unga. Ni sawa, ila amalize kwanza wiki 8 kwa mama yake. Maziwa ya ng'ombe mara nyingi humharisha. Mpe maji safi na mukene, dagaa wetu wa Jinja, waliochemshwa bila chumvi. Mavi yake yafukiwe. Mama mjamzito asiyashike.

Kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa, maana paka naye huambukiza. Achanjwe akifikisha miezi 3. Watoto hupenda kumbana, naye hujitetea kwa meno. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kumponya.