Mpeleka Barua Aliyejenga Jumba kwa Mawe ya Njiani



Je, umewahi kujikwaa? Bila shaka umejikwaa mara nyingi. Ukijikwaa unafanya nini? Wengi wetu tunalilaani jiwe, tunashika kidole, kisha tunaendelea na safari.

Leo nataka nikueleze habari za mtu mmoja aliyejikwaa mwaka 1879. Yeye hakulilaani jiwe. Aliliokota, akalitazama, akalitia mfukoni. Kwa sababu ya jiwe hilo, hadi leo watu hutoka nchi za mbali kwenda kuitazama bustani yake.

Mtu huyu hakuwa mfalme wala tajiri. Hakuwa fundi aliyesomea ujenzi. Alikuwa mpeleka barua wa vijijini. Jina lake ni Ferdinand Cheval. Kijiji chake kinaitwa Hauterives. Kiko kusini-mashariki ya nchi ya Ufaransa, huko Ulaya.

Mimi ni bwana shamba. Sijafika Ufaransa. Habari hizi nimezipata kwa kusoma, na picha za bustani hiyo nimeziona vitabuni. Lakini kusoma ni kutembea bila kuchosha miguu. Basi, twende pamoja.

MTOTO WA MKULIMA

Cheval alizaliwa mwaka 1836. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Mama yake alikufa yeye akiwa bado mtoto. Shule aliisoma kidogo tu, kisha akaenda kujifunza kazi ya kuoka mikate. Hata alipokuwa mtu mzima, akiandika alikosea herufi nyingi. Lakini hakuacha kuandika kwa sababu ya makosa hayo.

Mwaka 1867 alipata kazi ya posta. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua kijiji kwa kijiji kwa miguu. Kila siku alitembea zaidi ya kilomita 30, akipanda vilima na kushuka. Mvua ilimnyeshea. Baridi kali ya Ulaya ilimpiga. Barua zilitakiwa zifike, na zilifika.

Mtu anayetembea peke yake kutwa nzima hufikiri mengi. Cheval alifikiri juu ya ndoto aliyoiota zamani. Katika ndoto hiyo alikuwa akijenga jumba kubwa la ajabu, lenye mapango na minara. Hakumwambia mtu. Aliogopa kuchekwa. Miaka ikapita, ndoto ikaanza kusahaulika.

JIWE LILILOMKUMBUSHA

Siku moja ya mwaka 1879 alikuwa njiani na mfuko wake wa barua. Mguu ukagonga jiwe, akakaribia kuanguka. Alipolitazama aliona lina umbo la ajabu. Maji yalikuwa yamelichonga kwa miaka mingi. Kesho yake akarudi mahali pale, akakuta mawe mengine mazuri zaidi.

Hapo akakumbuka ndoto yake. Akajiambia kwamba ikiwa maji yameweza kuchonga mawe namna hii, basi yeye ataweza kuyajenga.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 43. Nami nipo katika miaka hiyo ya arobaini. Najua magoti yanavyoanza kulalamika. Najua pia maneno ambayo mtu wa umri huo hujiambia: "Wakati wangu umepita. Mambo mapya niwaachie vijana." Cheval hakujiambia hivyo.

MFUKO, KIKAPU, TOROLI

Kwanza alibeba mawe mifukoni. Mifuko ikatoboka. Mke wake akaishona, ikatoboka tena. Basi akaanza kubeba kikapu. Mwishowe akatumia toroli.

Alifanya hivi: akiwa kazini asubuhi, alichagua mawe na kuyapanga pembeni mwa njia. Alipomaliza kugawa barua, alirudi na toroli kuyachukua. Ulikuwa mwendo wa kilomita kadhaa baada ya zile alizokwisha kutembea. Usiku aliwasha taa ya mafuta na kujenga.

Unadhani alijenga wapi? Katika bustani yake ya mboga! Mimi bwana shamba ningefika siku hiyo, ningemwambia: "Ndugu yangu, unaharibu bustani. Mtakula nini?" Na majirani walisema mabaya zaidi. Walisema ana wazimu. Mtu wa posta, mwenye mshahara mdogo, anasomba mawe usiku kama mwizi! Anajenga nini? Si nyumba ya kulala, si ghala, si zizi.

Cheval aliwasikia. Asubuhi alibeba barua zao kama kawaida na kuwapelekea. Jioni alirudi kwenye mawe yake.

TUINGIE BUSTANINI

Sasa, ndugu msomaji, tuingie tukaone. Tazama mbele yako. Jumba hili lina urefu wa mita 26, yaani kama hatua kubwa 26. Kimo chake, mahali palipo juu zaidi, ni karibu mita 10. Si nyumba ya kukaa watu. Ni kama mlima uliochongwa, wenye njia ndani yake na ngazi za kupanda juu.

Upande wa mashariki ndiko alikoanzia. Alianza na mahali pa kumwaga maji, kama maporomoko madogo. Upande huo peke yake ulimchukua kiasi cha miaka 20. Hapo yamesimama majitu matatu marefu na membamba ya mawe. Mmoja ni Julius Caesar, mtawala wa Roma. Mwingine ni Vercingetorix, mkuu wa watu wa kale wa Ufaransa aliyepigana vita na huyo Caesar. Wa tatu ni Archimedes, mtaalamu wa hesabu wa Ugiriki. Maadui wawili wamesimama pamoja, na mwenye elimu yuko pamoja nao.

Tazama wanyama. Yuko tembo. Yuko mamba. Yuko dubu, na ndege mwari, na pweza wa baharini. Iko mitende ya mawe na mishubiri ya mawe. Mahali pengine amepachika makombe ya chaza.

Tuzunguke upande wa magharibi. Hapa utaona msikiti. Karibu yake kuna hekalu la Kihindu. Kisha kuna nyumba ya wakulima wa milima ya Uswisi, na ngome ya kale ya Ulaya. Zote ziko katika ukuta mmoja, bega kwa bega, kama majirani wema.

Je, alijengaje? Alitumia vyuma na nyaya kuwa mifupa. Juu yake alipaka chokaa na saruji, kisha akapachika mawe moja moja. Hakuwa na mashine. Hakuwa na kibarua. Ukutani ameandika kwamba hii ni kazi ya mtu mmoja.

Ndani ya jumba kuna mahali maalumu palipotengwa. Unadhani amekaa nani? Mfalme? La. Imewekwa ile toroli yake. Cheval aliona kwamba toroli ni rafiki aliyeteseka naye, inastahili kupumzika mahali pa heshima. Mkulima anayejua thamani ya jembe lake atamwelewa.

ALIYAJULIA WAPI MAMBO HAYA?

Cheval hakwenda Uhindi. Hakwenda Misri. Basi msikiti na tembo aliviona wapi?

Aliviona katika karatasi. Miaka hiyo watu wa Ulaya walianza kutumiana kadi za posta zenye picha, na magazeti ya picha yalipelekwa hadi vijijini. Mpelekaji alikuwa yeye. Katika mfuko wake mlikuwa na picha za dunia nzima. Wengine walizitazama mara moja wakazitupa. Yeye alizitazama, akasoma maneno machache aliyoweza, akayatunza kichwani.

Tuliangalie jambo hili vizuri sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima. Mawe aliyaokota njiani. Mawazo pia aliyaokota njiani. Mawe peke yake yangekuwa chungu la mawe tu. Mawazo peke yake yangebaki ndoto.

FURAHA NA MSIBA

Usidhani maisha yake yalikuwa mepesi. Mwaka uleule wa 1879 mke wake alimzalia binti, jina lake Alice. Cheval alimpenda sana. Mwaka 1894 Alice alikufa, akiwa na miaka 15 tu. Mzazi yeyote anajua uchungu huo. Karibu na jumba lake Cheval alijenga nyumba ya kuishi, akaipa jina linalotokana na jina la binti yake: Villa Alicius.

Jumba lilikwisha mwaka 1912. Kwa hesabu yake mwenyewe, kazi hiyo ilichukua siku 10,000, saa 93,000, miaka 33. Aliandika hesabu hiyo ukutani. Sasa alikuwa mzee wa miaka 76.

Alitaka akifa azikwe ndani ya jumba hilo. Sheria haikuruhusu. Basi alifanya nini? Mzee huyo alichukua tena chokaa na mawe, akaenda makaburini kwa kijiji, akaanza kujenga kaburi lake mwenyewe. Alijenga miaka minane zaidi. Mwaka 1922 akalimaliza. Mwaka 1924 akafa, akazikwa humo. Alikuwa na miaka 88.

ALIYECHEKWA AKAHESHIMIWA

Kabla hajafa, wageni walikwisha anza kuja kulitazama jumba lake. Baadaye wakaja wachoraji mashuhuri. Mwaka 1937 alikuja Pablo Picasso, mchoraji aliyejulikana duniani kote.

Hata hivyo ubishi haukwisha. Wakubwa wengine wa serikali walisema jumba hilo ni baya, halifai kutunzwa. Lakini mwaka 1969 waziri wa utamaduni wa Ufaransa, André Malraux, aliliweka chini ya ulinzi wa sheria, kama yanavyolindwa majengo ya wafalme. Kwa Kifaransa linaitwa Palais Idéal, yaani jumba lililo kamilifu katika fikra. Siku hizi ni mali ya kijiji. Kila mwaka watu zaidi ya laki moja hulipa kiingilio kwenda kuliona. Kijiji kilichomcheka sasa kinapata riziki kwa mawe yake.

NAMI NILICHEKA

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika habari hizi.

Miaka iliyopita nilifanya kazi katika kata moja yenye vilima. Palikuwa na mzee mmoja ambaye kila siku, akitoka shambani, alibeba mawe mawili au matatu. Hakuyatupa. Aliyapanga mstari kukata mteremko wa shamba lake. Mwaka mzima mstari mmoja. Mwaka wa pili mwingine. Watu walimwita Mzee wa Mawe, na watoto walimwigiza.

Mimi, mwenye cheti cha kilimo, nilisimama na baiskeli yangu nikacheka pamoja nao. Nilimwambia, "Mzee, kwa mwendo huu utamaliza lini?"

Akanijibu, "Bwana shamba, mvua nayo huchukua udongo kidogo kidogo. Mbona yeye humwulizi atamaliza lini?"

Sikuwa na jibu. Msimu uliofuata zikaja mvua kubwa. Mashamba ya jirani yalichimbika makorongo, na mbegu zikaenda mtoni. Katika shamba la mzee, udongo ulisimama nyuma ya mawe. Nilirudi nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba." Kisha nikamwomba radhi. Alicheka, akaniambia nishike upande wa pili wa jiwe alilokuwa akilibeba.

Toka siku hiyo nikisoma habari za Cheval, namwona yule mzee.

Sikuambii uache mahindi ujenge jumba la tembo wa mawe. Angalia: Cheval mwenyewe hakuiacha kazi ya posta mpaka alipostaafu mwaka 1896. Barua zilifika, na jumba likajengwa. Lakini kama kijijini kwenu yupo mtu anayefinyanga, anayechonga, anayepanda miti mahali ambapo wengine wanaona ni kazi bure, usiwahi kumcheka. Nenda kamwulize anafanya nini. Ukiweza, mshikie upande wa pili wa jiwe.

Na kesho ukijikwaa, usilaani kwanza. Tazama chini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Cheval alianza kujenga akiwa na umri gani? Kazi ilichukua miaka mingapi?

2. Picha na maandishi vilimsaidia namna gani?

3. Kwa nini aliipa toroli mahali pa heshima? Wewe ungekiweka chombo gani?

4. Je, katika kijiji chenu yupo mtu anayechekwa kwa kazi yake? Mmepata kumwuliza kwa nini anaifanya?