Mti wa Bunduki na Namna ya Kuutunza

Tangu mwaka 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji katika Kenya, bunduki ya kuwindia imekuwa kitu cha nadra mikononi mwa raia. Lakini bunduki za mti hazikwisha. Hapa Isiolo polisi wa akiba, watu wenye mashamba na mifugo kama sisi, wamelinda vijiji kwa miaka mingi, na wengi wao walikabidhiwa Lee-Enfield, ile iitwayo 303, ambayo wawindaji wa zamani waliijua sana. Mwenye silaha hiyo husafisha chuma mara kwa mara, lakini mti hauangalii. Hilo ni kosa. Bunduki yenye mtutu safi na mti uliopasuka haipigi inapoelekezwa, na usiku wa wezi wa ng'ombe hakuna nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Kwa nini mti huharibika? Yafaa ieleweke kwamba mti, hata ukiisha kukatwa na kukaushwa, huendelea kuvuta unyevu wa hewa na kuutoa. Hupanuka na kunywea kwa upana wake, kwa urefu ni kidogo mno. Jua letu la Januari na Februari huukausha. Mvua za Machi mpaka Mei huuvimbisha tena. Chuma hakifuati mwendo huo. Basi wakati wa kiangazi mti hunywea na parafujo hulegea. Kila risasi ipigwapo, chuma hurudi nyuma kwa nguvu na kuugonga mti mahali padogo tu. Ufa huanzia hapo, karibu na pale pa kidole cha kufyatulia. Mvua zikija, mti huvimba na kuubana mtutu upande mmoja. Risasi huenda kombo, naye mwenyewe hulaumu macho yake.

Kuna maadui wengine wawili. Wa kwanza ni moto wa kambini. Mchungaji huegemeza bunduki karibu na moto ili ikauke umande, na mti hukauka nje kabla ya ndani, ukapasuka. Wa pili ni mafuta ya chuma. Bunduki iliyotiwa mafuta mengi ikisimamishwa tako chini, mafuta huteremka ndani ya mti mwembamba wa shingo, nao huwa mweusi na laini kama muhogo uliooza. Ukiisha kuipaka mafuta, isimamishe mtutu chini usiku mmoja, juu ya kitambaa.

Sasa utunzaji. Kabla ya lolote, toa risasi zote, fungua mtambo, tazama kwa macho, kisha tia kidole uhakikishe. Futa vumbi na jasho kwa kitambaa kikavu. Chukua mafuta ya linsidi, yatokanayo na mbegu za kitani, ambayo maseremala huyatumia; matone machache yatosha. Sugua kwa kiganja mpaka mti upate joto, uache mpaka kesho, kisha futa yaliyobaki. Ukipaka mengi mti utanata na kukusanya mchanga. Fanya hivyo kabla ya kiangazi na tena kabla ya mvua. Usitumie mafuta ya gari.

Angalia sana kitambaa ulichotumia. Linsidi ikikauka hutoa joto, na matambara yaliyokunjwa na kutupwa pembeni yaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Katika nyumba ya makuti au ghala ya majani hilo ni hatari kubwa. Yatandaze nje mpaka yakauke kabisa.

Ufa ukionekana, usipige msumari wala kufunga waya, kama nilivyoona wengine wakifanya. Msumari huongeza ufa. Bunduki ya serikali irudishwe kituoni kwa fundi wa silaha. Yenye leseni ya mtu binafsi ipelekwe kwa fundi aliyeruhusiwa na sheria.

Wengi wenu hamna bunduki, lakini mna majembe, na mpini ni mti ule ule. Kuna desturi ya kutumbukiza jembe katika ndoo usiku ili mpini uvimbe na kukaza. Kesho yake hukaza kweli. Lakini mti uliovimba ndani ya chuma hujiponda wenyewe, na ukikauka hulegea kuliko mwanzo. Badala yake gonga kabari mpya ya mti mgumu, kisha upake linsidi hiyo hiyo, hasa mwishoni mwa mpini ambako mti hunywa maji zaidi.