Safari ya Nairobi: Ipange Kama Unavyopanga Kupanda

Mkulima hapandi mahindi bila kujua mbegu itatoka wapi. Lakini mara nyingi mtu huamka alfajiri, akatia karatasi za shamba mfukoni, akaenda Nairobi, akarudi baada ya siku mbili bila nauli wala jibu. Hiyo ni hasara, na yaweza kuepukwa.

Kwanza, ulijue shauri lako. Skimu nyingi zilianzishwa kuanzia mwaka 1962, katika mpango wa ekari milioni moja, na mikopo ya ardhi ilikuwa ya kulipwa kwa miaka 30. Hata leo ziko jamaa ambazo mzee alifariki kabla deni halijaisha, na hati ya shamba haijatoka. Kabla ya kupanda gari, nenda kwa ofisa wa makao katika kaunti yako. Muulize salio la deni, na kama shauri laweza kumalizwa hapo hapo. Ikiwa shamba lingali kwa jina la marehemu, hati ya urithi kutoka mahakamani ndiyo hutangulia. Bila hiyo utarudishwa nyumbani.

Pili, chagua siku. Ofisi za serikali hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa. Ukifika Ijumaa jioni, utalipia malazi mpaka Jumatatu bure. Afadhali usafiri Jumatatu, ulale, na Jumanne saa mbili asubuhi uwe mlangoni pa Ardhi House. Jumba hilo liko juu mlimani, ng'ambo ya Uhuru Park, na kutoka katikati ya mji mtu mzima hufika kwa miguu. Chukua kitambulisho chako, karatasi zenyewe na nakala zake. Nakala waweza kumwachia ofisa, lakini karatasi zenyewe usimwachie mtu bila stakabadhi.

Tatu, linda pesa zako. Tenga nauli ya kurudi kabla hujaondoka nyumbani, wala usiiguse. Nje ya ofisi utakutana na watu wenye maneno matamu, wakisema wataharakisha hati yako. Usiwape kitu. Tangu mwaka 2023 serikali imeagiza malipo ya huduma zake yapitie eCitizen, nambari 222222. Anayetaka noti mkononi anajitafutia chakula chake mwenyewe.

Nne, usisahau zizi. Ng'ombe hajui kwamba umesafiri. Asipokamuliwa kwa saa zake, maziwa hupungua, na ugonjwa wa kiwele waweza kumpata. Yule atakayebaki, mama au kijana, na akamue mbele yako siku moja au mbili kabla ya safari, ng'ombe apate kumzoea.

Mkulima, keti leo jioni na jamaa yako, mwandike mambo haya manne kwenye karatasi moja. Lililo tupu kati ya hayo, lijaze kwanza, kisha ukate tikiti.