Neno «Endelevu» katika Kazi za Ujenzi

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika hati za serikali kwa kasi kuliko yalivyoeleweka ni neno endelevu. Dhana yake ilipata nguvu mwaka 1987, pale Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilipoeleza maendeleo yanayotimiza mahitaji ya watu wa leo pasipo kuwanyima watakaozaliwa uwezo wa kutimiza yao. Wafasiri wetu walipotafuta kisawe, endelevu ndilo lililoshika.

Likiandamana na maendeleo, neno hili halina taabu. Taabu huanza linapofungamanishwa na ujenzi. Mwandishi wa makala haya alipata kusoma zabuni ya jengo la shule iliyomtaka mkandarasi «ahakikishe ujenzi endelevu». Mjumbe mmoja wa kamati akauliza kama maana yake ni kwamba jengo halitakwisha. Wenzake walicheka, lakini mzee yule hakukosea: kwa kanuni za mnyambuliko, ujenzi endelevu ni ujenzi unaoendelea. Zabuni haikusema mchanga uchimbwe wapi, wala nani atafukia shimo. Jengo lilikwisha, shimo lingalipo, na masika hujaa maji.

Yafaa basi tuulize: ni kitu gani hasa kinachotakiwa kiendelee? Si ujenzi. Ni uwezo wa ardhi, maji na misitu wa kuwafaa watu baada ya fundi kukusanya vifaa vyake na kuondoka.

Tutazame saruji. Neno lenyewe lina asili ng'ambo ya bahari, Uajemi na Omani, ambako lilitaja udongo uliochomwa ukachanganywa na chokaa. Leo twalitumia kwa kitu cha kiwandani, wala hakuna fundi anayepotea. Ni dalili kwamba neno laweza kubadili maana bila madhara iwapo wenye kazi wanajua wanachokitaja. Saruji ya leo hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Mawe hayo yakiungua hutoa hewa ya ukaa, na zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa itokayo katika kutengeneza saruji hutoka katika jiwe lenyewe, si katika kuni wala makaa. Kwa jumla kazi hii hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Kwa hiyo tanuri hata likibadilishiwa moto, jiwe litaendelea kutoa yake.

Zaidi ya hewa, kuna shimo. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, kikaacha machimbo meupe, yenye chumvi, yasiyo na udongo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alijaribu humo aina 26 za miti, zikapona tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje hayakuoza upesi; wakaletwa majongoo, wakayala na kuyageuza mbolea. Udongo ukaanza kujengeka, na leo pale pana msitu na bustani ya wanyama.

Mfano huu watusaidia katika istilahi ya pili, uongozi, ambayo wafasiri wengi huibadilisha kuwa usimamizi. Msimamizi husimama penye kazi na kuangalia kama yafuata michoro. Kiongozi huamua kabla ya michoro: jiwe litoke wapi, zege kiasi gani, nini kibaki nyuma. Katika ujenzi uamuzi huo umegawanyika baina ya mwenye mali, mbunifu majengo, mhandisi, mkadiriaji majenzi na mkandarasi. Hati isipomtaja mmoja wao, kila mmoja husema ilikuwa kazi ya mwenzake. Sarufi ya kutendwa, «itahakikishwa kwamba», ndiyo kimbilio lao, na mfasiri asiwasaidie kujificha.

Pendekezo letu ni kwamba endelevu libaki, kwa kuwa limekwisha zoeleka, na nomino yake iwe uendelevu. Lakini katika mikataba liandamane na maelezo ya kinachohifadhiwa: «ujenzi unaohifadhi maji», «unaopunguza saruji», «utakaofukia machimbo yake». Maneno huongezeka, ni kweli. Hata hivyo mstari mmoja zaidi ni rahisi kuliko kesi.

Limesalia jina la kazi iliyofanyika Bamburi. Ukarabati ni wa majengo. Urejeshaji wadai hali ya awali, nayo haikurudi. Wengine wasema kufufua machimbo, ambako msomaji aweza kudhani uchimbaji unaanza upya. Kwa sasa twaelekea kwenye kufufua ardhi ya machimbo, na walimu wa jiografia walio na neno fupi zaidi wanaombwa walilete.