WAZEE WETU WASIANGUKE

Wakulima wa Kinakomba, kila mmoja wenu hukagua kingo za mfereji kabla ya kufungulia maji. Je, miguu ya mzee wako huikagua lini? Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, shamba hukosa watu wawili: yeye aliyelala kitandani, na yule anayemwuguza. Fedha za mavuno nazo huishia kwenye gari na hospitali.

Kinga yake ni mazoezi. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya majaribio 108 ya watu wa miaka 60 na zaidi, wakaona ya kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu au zaidi kila juma.

Yoga ni njia mojawapo. Asili yake ni India, na tangu mwaka 2018 nchi hiyo imeitia katika vituo vyake vya afya vya vijijini. Kweli ilizaliwa pamoja na dini ya huko, lakini zahanati haitaki sala yake. Yataka kunyosha viungo na kuvuta pumzi tu.

Mtu atasema, "Mimi nalima kutwa, mazoezi ya nini?" Jembe latia nguvu mikono, lakini halimzoezi mzee kusimama kwa mguu mmoja. Basi fanyeni hivi:

1. Shika mwembe au kiti kizito. Inua mguu mmoja, hesabu hadi kumi, kisha wa pili.

2. Keti kitini, simama, keti tena, taratibu, mara kumi.

3. Keti wima. Vuta pumzi kwa pua, uitoe polepole. Usiizuie.

Mwenye presha, kizunguzungu au mifupa dhaifu na amwulize muuguzi kwanza. Kifua kikiuma, acha mara moja.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake na Serikali pia. Kazi ya afya i mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Basi mkutano wa bajeti ukiitishwa, semeni: siku ya kliniki, wazee wanapongoja dawa za presha, wapewe robo saa ya mazoezi. Gharama yake ni mikeka, kivuli, na mtu mmoja aliyefundishwa. Nyonga moja iliyovunjika hugharimu zaidi.