Mandazi ya Jana Yasitupwe

Askari akikesha zamu, mandazi aliyoandaliwa jioni hubaki mezani. Kukicha yamekuwa magumu, watoto hawayataki, na mama wa nyumbani hujiuliza kama ayatupe au awape kuku. Jambo hili ni la kawaida katika nyumba za askari na polisi wa Jinja na Mbale, ambako mshahara hauna budi kufika mwisho wa mwezi.

Hakuna haja ya kuyatupa. Andazi huwa gumu si kwa kukauka tu, bali kwa sababu wanga uliomo hujikaza kadiri linavyokaa. Likipata unyevu na moto, hulainika tena. Wafaransa huuita mkate wa namna hiyo "mkate uliopotea", nao huuchovya katika maziwa na mayai, kisha huukaanga. Waokaji wao pia huupaka mkate mtamu wa jana rojo la lozi na kuurudisha jikoni.

Lozi ni ghali, lakini mashariki ya Uganda imejaliwa karanga za Teso na ndizi za miteremko ya Mlima Elgon, ambazo mama wa Mbale huziona sokoni. Naye mama wa Jinja yu karibu na sukari ya Kakira na mananasi ya Kayunga, ng'ambo ya Mto Nile.

Mahitaji
Mandazi 8 ya jana
Ndizi mbivu ndogo 4
Nanasi nusu
Maziwa vikombe 2
Mayai 2
Sukari vijiko 4 vya mezani
Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kikombe 1
Siagi kidogo

Namna ya kupika
Kata nanasi vipande vidogo, ulipike kwa kijiko 1 cha sukari mpaka maji yakauke. Hatua hii isirukwe, kwani nanasi bichi huyafanya maziwa kuwa machungu. Paka sufuria siagi. Panga vipande vya mandazi, juu yake ndizi, nanasi na karanga, kisha mandazi tena. Bakiza karanga kidogo. Piga mayai pamoja na maziwa na sukari iliyobaki, umimine, na uache kwa robo saa ili mandazi yanywe. Nyunyiza karanga zilizobaki. Weka sufuria juu ya sigiri yenye moto mdogo, funika, na utie makaa juu ya kifuniko. Baada ya dakika 40 hivi, chomeka kisu katikati. Kikitoka kikavu, chakula kimeiva.

Onyo
Andazi gumu si andazi bovu, lakini lenye ukungu litupwe lote, wala lisikwanguliwe. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu ni hatari zaidi, kwa kuwa huweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini na haiondolewi na moto wa jikoni. Kuku nao wasipewe. Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa chakula cha karanga zilizoingiwa na sumu hiyo.

Basi mama achague karanga zake moja moja kabla ya kuwasha moto. Baba atokapo zamu atakuta mandazi yale yale ya jana, nayo watoto wanayagombania.